Itandikie Mkeka: Mwongozo kwa Mwanamke Aliyezoea Kujikaza

Miaka 6 iliyopita, mwezi wa Machi, nilimfokea dada wa kazi mpaka majirani wakachungulia dirishani. Kosa lake: pilau ilishika chini, ikafanya ukoko. Tulikuwa tunapika kwa ajili ya arobaini ya mtoto wa wifi yangu, sherehe ya kutimiza siku 40 tangu azaliwe, na mimi ndiye niliyejitolea kusimamia sufuria kubwa. Yule binti hakunijibu. Alichukua mwiko akaanza kukwangua. Mimi nikaingia bafuni, nikafungulia bomba nisisikike, nikalia kilio ambacho hakuna pilau duniani inayoweza kukileta.

Januari ya mwaka huohuo mimba yangu ya wiki 11 ilikuwa imeharibika. Ilikuwa Alhamisi. Jumatatu nilikuwa mezani kwangu kazini, nimepaka wanja. Mama aliniambia nijikaze, bado kijana. Shangazi akasema Mungu ana makusudi yake. Daktari alinieleza, kwa upole kabisa, kwamba kati ya mimba 100 zinazojulikana, takriban 10 hadi 20 huharibika, na nyingi huwa hakuna alichokosea mama. Yote yalikuwa kweli. Hakuna aliyeniambia nikae chini.

Fikiria tunavyofanya mtu akifariki. Turubai linafungwa, mikeka inatandikwa, mmoja anakamata daftari la rambirambi, mwingine anaenda sokoni. Mfiwa anakaa chini. Hapiki, hafagii, haulizwi ankara ya umeme. Mgeni akiingia, kilio kinaanza upya na hakuna anayekereka. Halafu siku inafika, tanga linaanuliwa, watu wanarudi makwao, na baadaye kuna arobaini. Mjane wa Kiislamu ana eda ya miezi 4 na siku 10. Hata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 iliweka angalau siku 4 za likizo yenye malipo kwa aliyefiwa na mwenza, mzazi, mtoto, ndugu wa kuzaliwa naye, babu, bibi au mjukuu.

Kwa hiyo kuhisi tunakujua. Tuna mahali pake, muda wake, watu wake na namna ya kukufunga. Shida ni kwamba utaratibu huo tumeupa kifo peke yake. Mimba ya wiki 11 haina turubai. Wivu hauna, hasira kwa mama mkwe haina, aibu ya kuachwa haina. Nilichojifunza tangu siku ile ya ukoko, kwa kubahatisha na baadaye kwa msaada wa mshauri nasaha, ni kuzitandikia hisia hizo mkeka wake mdogo. Nakuandikia hapa hatua nilizopita, na pale nilipokosea.

Kabla hujaanza

Kuhisi jambo na kulitenda ni vitu viwili. Unaweza kukaa na hasira dakika 20 bila kumtukana mtu, na unaweza kumwonea mtu wivu huku ukimnunulia zawadi. Ninachokuomba ni kuhisi tu.

Na kama nyumbani kwako yuko anayekupiga au kukutishia, kazi yako ya kwanza ni usalama. Ruka uende moja kwa moja sehemu ya "Pale mkeka usipotosha".

Hatua ya kwanza: ikamate mwilini

Donge kooni. Kifua kubana. Roho kuuma. Damu kuchemka. Machozi kulengalenga. Waliotuachia lugha hii walijua hisia inaanzia wapi, nasi tuanzie hapohapo, kwa sababu mwili haukufundishwa adabu ya kuficha kama mdomo ulivyofundishwa.

Kwa wiki nzima fanya hili tu: mara 3 kwa siku, jiulize "Wapi pamekaza?" Chagua nyakati ambazo hutazisahau. Mimi nilichagua kupiga mswaki, kupanda daladala na kuzima taa. Usijiulize kwa nini. Sababu zitakuja zenyewe, tena zitakuja nyingi kuliko unavyotaka. Wewe gundua tu kwamba meno yamebanana, au mabega yamepanda hadi masikioni.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Kwangu kilio kilitokea shingoni: nilikuwa napakwa dawa ya kuchua kila usiku kwa shingo ambayo haikuwa na jeraha. (Ukiwa na maumivu yasiyoisha, nenda hospitali vilevile. Kuwa na huzuni hakumzuii mtu kuwa na presha.)

Hatua ya pili: ipe jina lake

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kokote.

Ukimuuliza mwanamke ana nini, atakwambia "nimechoka tu". Uchovu ndiyo kanga tunayofunikia kila kitu, kwa sababu hauna lawama. Anayesema amechoka haulizwi zaidi. Lakini tazama tulivyo na maneno. Wivu ni kutamani kile alichonacho mwenzako, au kuogopa kunyang'anywa ulichonacho. Kijicho ni kutaka yeye akikose. Mimi nilijiona mwanamke mbaya kwa kijicho juu ya mtoto wa wifi, kumbe nilikuwa na wivu: sikutaka apungukiwe hata unywele, nilitaka na mimi niwe na wangu. Siku nilipotenganisha maneno hayo mawili niliweza kumbeba yule mtoto.

Kuna na mengine. Uchungu ni kidonda kibichi. Kinyongo ni kidonda ulichokifungia kabatini na unakitembelea. Upweke unaweza kukupata katikati ya harusi. Hofu inajua inachokiogopa, wasiwasi unazungukazunguka tu. Simanzi ni ile huzuni nzito isiyotaka hata kuongea. Aibu unaweza kuwa nayo peke yako chumbani, ila fedheha inahitaji watazamaji, na mara nyingi tunachokiita hasira ya kuachwa ni fedheha ya kuachwa huku mtaa mzima unajua.

Sikiliza pia tunavyozisema. Hasira hupanda. Hofu hukuingia. Wivu hukushika. Huzuni hukujaa. Hakuna Mswahili anayesema yeye *ni* hasira. Kinachopanda hushuka na kilichoingia hutoka, na hilo tunalitamka kila siku bila kulisikia.

Wanasayansi nao wamelipitia kwa njia yao. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hasira na hofu wakiwa ndani ya mashine inayopiga picha za ubongo. Walipochagua neno la kuitaja hisia iliyo usoni, amigdala, sehemu ya ubongo inayotoa tahadhari ya hatari, ilitulia zaidi kuliko walipokuwa wakiangalia tu.

Zoezi lenyewe ni sentensi moja: "Nimeshikwa na ___ kwa sababu ___." Iseme kwa sauti, hata ya kunong'ona. Zikiwa hisia mbili, zitaje zote mbili. Yangu ya siku ile ingekuwa: nimeshikwa na majonzi kwa sababu mimi sina wa kumfanyia arobaini, na nimeshikwa na aibu kwa sababu naona wivu kwenye shughuli ya furaha. Ukoko usingeingia kabisa. Na kama una lugha ya nyumbani, Kisukuma, Kidigo, Kikamba, Kichaga, ijaribu. Yapo mambo yanayotoka kwa lugha uliyolelewa nayo na yanagoma kwa nyingine yoyote.

Hatua ya tatu: tandika

Sasa muda na mahali. Dakika 20, mara 2 kwa wiki, zinatosha kuanzia.

Najua utakachosema: mahali wapi? Chumba na sebule, watoto watatu, wapangaji wanasikia hata ukikohoa. Mshauri wangu aliponiambia nitafute sehemu tulivu nyumbani nilicheka. Wanawake niliozungumza nao wamepata pao: bafuni, maji yakiwa yanatiririka, juu ya mswala baada ya Alfajiri, kabla nyumba haijaamka, kanisani siku ya Jumatano mchana, ambapo hakuna kwaya, shambani, kiti cha dirishani kwenye basi la safari ndefu, mtandio umeteremshwa usoni. Mmoja analipia saa nzima saluni na kusema anataka kuoshwa kichwa taratibu asisemeshwe. Anayemwosha alishaelewa.

Weka alamu ya simu, kisha simu yenyewe iwe mbali na mkono. Kaa chini kama unaweza, kwa sababu anayekaa chini hatumwi. Weka kiganja pale palipokaza. Sema ile sentensi yako. Kisha vuta pumzi kwa hesabu ya 4 na uitoe kwa hesabu ya 6, mara 10 hivi. Pumzi inayotoka taratibu kuliko ilivyoingia hupunguza mapigo ya moyo, nawe unapata utulivu wa kutosha kubaki pale.

Baada ya hapo hakuna kazi. Kama ni machozi, yaache, na sauti yake pia. Yasipokuja, kaa tu. Mimi mara 3 za kwanza sikupata kitu isipokuwa usingizi na orodha ya vitu vya sokoni. Mara ya 4 nililia kwa sababu ya soksi. Usitafute suluhisho. Mambo ya kesho yaache mlangoni na viatu. Akili itakuvuta ujitetee au umhukumu fulani. Ukijikuta unaendesha kesi, rudi kwenye kiganja chako na palipo chini yake.

Alamu ikilia, anua tanga. Sehemu hii ndiyo wengi wanairuka, na bila yake utaogopa kurudi tena, kwa kuwa utaona kama huzuni haina mlango wa kutokea. Sema "kwa leo basi". Nawa uso kwa maji baridi, kunywa maji, kula kitu hata kama ni ndizi moja. Kisha kazi ya mikono: chambua mchele, kunja nguo, menya vitunguu ukipenda, maana watu wenye vitunguu hawaulizwi macho mekundu.

Hisia ikija kwa nguvu za kutisha, ukatetemeka au ukaanza kuona tukio la zamani kana kwamba linatokea sasa hivi, acha. Fumbua macho, taja vitu 5 unavyoviona, shika kitu cha baridi, toka uende palipo na watu. Hiyo ni dalili kwamba mkeka wako unahitaji mtu wa pili, tena mwenye ujuzi.

Wasiopenda kukaa bure wanaweza kuandika. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti ambamo wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo, kuhusu jambo lililowaumiza zaidi maishani. Mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi, lakini miezi iliyofuata walioandika kisa pamoja na walivyohisi walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida. Tumia daftari la kawaida. Kama unaogopa litasomwa, chana kurasa ukawashie jiko. Kilichokuwa cha kufanya kimeshafanyika wakati wa kuandika.

Hasira ina njia yake

Mwanamke akilia tunamfariji. Akikasirika tunamuuliza kama yuko siku zake. Ndiyo maana hasira zetu nyingi hutoka zikiwa zimevaa nguo ya machozi, na wengine hawajui kabisa kwamba wamekasirika mpaka wamfokee asiyehusika, kama mimi na yule binti. (Nilimwomba radhi jioni ile. Alisema, "Nilijua si pilau, dada." Alikuwa na miaka 19.)

Kwanza, upuuze ule ushauri wa kupiga mto ngumi. Brad Bushman alilijaribu hilo katika utafiti wake wa mwaka 2002: waliopiga mfuko wa mazoezi huku wakimfikiria aliyewaudhi walitoka na hasira zaidi kuliko waliokaa tu. Kwa hiyo shusha mwili kwanza, kwa pumzi ileile ya 4 na 6.

Hasira ikishashuka kidogo, iulize swali moja: nani amevuka nini? Hasira karibu kila mara inabeba habari ya mpaka. Mama mkwe amefungua kabati lako. Bosi amekuita "mtoto" mbele ya wateja. Mume ametoa pesa ya ada kwa rafiki yake. Ukishajua mpaka, tengeneza sentensi fupi ya kusema baadaye: "Ulipotoa ile pesa bila kuniambia niliudhika sana. Naomba tusitoe ya ada bila kukubaliana." Isemee mbele ya kioo kwanza. Hakikisha haina neno "kila siku" wala "wewe na ndugu zako".

Bibi zetu wa pwani walikuwa na kanga. Unavaa jina lako, yaani yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, unapita uani, mwenye kuelewa anaelewa. Naipenda sanaa ile, lakini fumbo hujibiwa kwa fumbo, na najua ugomvi wa uani uliokula miaka 10 na doti zisizohesabika bila mtu yeyote kusema kilichomuuma.

Hatua ya nne: mtu wa kuketi naye

Huko Harare, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa mtaa wa Mbare. Waliwekewa mabenchi karibu na zahanati, wakafundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu ayatazame matatizo yake moja baada ya jingine. Washona wana neno kwa kinachowaleta watu kwenye benchi hilo, *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi. Mpango umeshasambaa nchi nyingine. Ninachokipenda ni kwamba kitu cha kwanza kilichotolewa kilikuwa mahali pa kukaa.

Chagua mtu wako kwa kipimo hiki: je, amewahi kukuletea siri ya mwingine? Kama ndiyo, yako nayo ina safari. Si lazima awe rafiki wa karibu. Wangu alikuwa mwenzangu wa kazini, mama wa makamo ambaye tulikuwa tukisalimiana tu. Mwambie mapema unachotaka: "Nina jambo linaniuma. Sikuombi ushauri, naomba unisikilize dakika 10." Bila hiyo atakupa ushauri, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kupenda.

Na wale wa "jikaze"? Usiwachukie. Makungwi na mama zetu walifundisha uvumilivu wakati ambapo mwanamke aliyerudi kwao alikuta kitanda chake kimeshapewa mwingine. Kuvumilia kulikuwa chombo cha kuvukia. Mimi siku hizi nikimpigia mama, baada ya shikamoo na habari za kuku, akisema jikaze, namjibu: "Nimesikia, mama. Nitajikaza kesho. Leo naomba nilie." Mara ya kwanza alinyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekata. Kisha akaniambia kuhusu mimba yake ya mwaka 1983, ambayo sikuwahi kuisikia.

Atakayekwambia kulia ni upungufu wa imani, mkumbushe. Katika Biblia, Hana alisali hekaluni kwa uchungu mpaka kuhani Eli akadhani amelewa. Katika Kurani, Bi Maryamu akiwa na uchungu wa kuzaa chini ya mtende alitamani angekuwa amekufa kabla ya hayo. Hakuna kati yao aliyeambiwa ajikaze na Mola wake.

Watoto wakikukuta unalia, usiwaambie ni vumbi. Wanajua. Sema: "Mama ana huzuni. Si kosa lako. Jioni tutakula pamoja kama kawaida." Halafu mle pamoja kweli.

Pale mkeka usipotosha

Huzuni au kukosa hamu ya vitu vyote ikikukalia karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, usingizi na chakula vikavurugika, hiyo yaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa wenye matibabu. Mama waliojifungua wawe macho zaidi. Machozi ya siku za mwanzo ni ya kawaida na mara nyingi huisha ndani ya wiki 2. Yakizidi hapo, mwambie muuguzi kliniki unakompeleka mtoto. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa katika nchi zinazoendelea karibu mwanamke 1 kati ya 5 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona, kwa hiyo hutakuwa wa kwanza kumwambia.

Ukijikuta unawaza kufa au kumdhuru mtoto, mwambie mtu leo, asikuache peke yako, na mwende hospitali iliyo karibu. Hospitali za mikoa zinaweza kukuelekeza kwa wataalamu. Muhimbili iko Dar es Salaam, Mirembe Dodoma, na Mathari Nairobi. Kwa anayepigwa au kutishiwa, Tanzania kuna Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi, na Kenya kuna namba 1195 isiyotozwa pesa.

Hatua ya mwisho: kalenda

Hisia zina tarehe. Siku aliyofariki baba, siku ya talaka, siku ambayo mtoto angezaliwa. Mwaka wa kwanza tarehe yangu ilinivizia katikati ya kikao. Nilitoka na sikuweza kueleza. Sasa mwanzoni mwa kila mwaka naziandika kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu ya risasi, nukta tu, na kuipanga siku kama ninavyopanga ya daktari: nani ajue, nani achukue watoto shule, kazi gani isiwekwe.

Nukta yangu iko katikati ya Agosti. Naomba ruhusa ya nusu siku. Navuka na pantoni kwenda Kigamboni, nimesimama pembeni upande wa bahari, napigwa na upepo, nalia kama kuna la kulia. Miaka mingine halipo. Nashuka, nakunywa dafu moja, namwambia muuzaji anipasulie nile na nyama yake, kisha napanga foleni ya kurudi mjini.